Punda Aliyezeeka Aenda Wapi?

Mtu apitaye barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Namanga, akifika Kitengela, hakosi kuona punda. Wengine wamefungwa kwenye mikokoteni yenye mitungi ya maji, wengine wamechukua magunia ya makaa, na wengine wamesimama kando ya njia bila kamba wala mwenyewe. Hao wa mwisho ndio wahusikao na habari hii. Migongo yao imepinda, kwato zimerefuka kama makubazi mabovu, na mabegani mna makovu ya kamba na mbao za mkokoteni. Ni punda waliozeeka. Mwenyewe hakuwauza wala hakuwachinja. Aliwafungua tu, akaenda zake.

Kwa desturi ya Wamasai wa Kajiado punda ni mnyama wa akina mama. Ndiye achukuaye maji kutoka kisimani, na boma linapohama ndiye abebaye vyombo vya nyumba. Mama humjua punda wake mmoja mmoja, hata yule aliyechoka. Lakini katika mitaa kama Kware, ambako nyumba zimeota upesi kuliko mabomba ya maji, mambo ni mengine. Huko mara nyingi aendeshaye mkokoteni si mwenye punda. Hulipa kodi ya siku, na ni lazima apate maji ya kuuza ya kutosha kodi hiyo na chakula cha watoto wake. Hana sababu kubwa ya kufikiri punda huyo atakuwaje mwakani. Punda atunzwaye vema aweza kuishi miaka 30 na zaidi. Wa mikokoteni wengi hawafiki hata nusu ya umri huo.

Farasi ni wachache katika nchi hii, maana maradhi ya farasi ya Afrika, ambayo huenezwa na visubi, huwaua upesi, hali punda huyastahimili. Farasi wa mbio za Ngong akichoka, pengine hupata mtu wa kumchukua kwa ajili ya kupanda. Punda wa Kitengela hana bahati hiyo, na kwa sababu hiyo makao ya wanyama wazee katika sehemu hizi yangekuwa kwanza makao ya punda.

Shauri la makao ya namna hii si jipya. Mwaka 1930 Bibi Dorothy Brooke, mke wa ofisa mkuu wa jeshi la Kiingereza, alifika Cairo, nchini Misri. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, maelfu ya farasi wa jeshi waliuzwa huko badala ya kurudishwa kwao. Bibi huyo aliwakuta waliosalia wakivuta mizigo mizito mjini, wengi wao vipofu na vilema. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London, na wasomaji wakapeleka fedha nyingi. Kwa muda wa miaka mitatu alinunua farasi 5,000 hivi, na mwaka 1934 akafungua hospitali ya wanyama isiyodai malipo. Chama kilichotokana na kazi yake kimefika Kenya pia, na hapa hushughulika na punda.

Jambo moja katika habari za Bibi Brooke husahauliwa na wengi. Farasi walio wengi hakuwaweka hai. Walipewa siku chache za kupumzika, wakala na kunywa, kisha wakauawa bila maumivu, maana hawakuwa na nguvu za kupona. Mtu atakaye kufungua makao ya wanyama wazee na moyo wake haukubali jambo hilo, afadhali afanye kazi nyingine. Makao yasiyomkataa mnyama hata mmoja, wala kumwondolea mateso yule asiyepona, hujaa upesi, na mwisho wake wote hulala njaa pamoja.

Lamu wana mfano ulio karibu zaidi. Bibi Elisabeth Svendsen, aliyeanzisha makao ya punda huko Uingereza mwaka 1969, alisaidia kufungua tawi kisiwani Lamu mwaka 1987. Katika mji ule vichochoro ni vyembamba, gari halipiti, na mchanga, mawe na saruji vyote huenda juu ya mgongo wa punda. Punda walitibiwa vidonda bure na kupewa dawa ya minyoo, na wagonjwa na wazee waliwekwa ndani ya ua. Tena palikuwa na mashindano ya kumtafuta punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote. Shauri hilo lilikuwa la akili: mtu asiyesikia mahubiri husikia habari ya jirani yake kupewa zawadi.

Je, kazi yenyewe ni ipi? Kwanza ni banda. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, na mvua za masika humdhuru. Udongo mweusi wa uwanda wa Kitengela huwa tope zito, na kwato zikisimama topeni siku nyingi huoza. Kwa hiyo sakafu ya banda sharti iinuliwe kwa mawe. Kwato hukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 10. Meno ya punda huendelea kuota na kufanya ncha kali zinazokata shavu, naye hacheui kama ng'ombe. Asipotafuna vema mara ya kwanza, chakula hakimfai kitu. Punda wengi wazee waliokonda hawakukosa majani, walikosa meno. Wala wasilishwe mahindi mengi kwa huruma, kwa maana huugua miguu. Majani makavu na maji safi yatosha. Na punda waliozoeana wasitenganishwe, kwani mmoja akifa mwenzake aweza kuacha kula mpaka akafa naye.

Watu wa kujitolea hupatikana. Siku ya kwanza huja ishirini. Shida ni mwezi wa nne, asubuhi ya mvua, ambapo samadi ni ile ile na waliofika ni wawili. Kisha ukame huja. Mwaka 2009, na tena mwaka 2022, Kajiado ilipoteza ng'ombe wengi mno, na katika miaka ya namna hiyo mwenye ng'ombe na mwenye punda wazee hugombania robota lile lile la majani.

Liko jambo lililofanya habari hii kuwa ya haraka. Tangu mwaka 2016 machinjio manne ya punda yalifunguliwa nchini Kenya, ngozi zikapelekwa China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao. Katika muda usiofika miaka mitatu punda zaidi ya 300,000 walichinjwa. Wezi waliingia mabomani usiku, na akina mama wakaamka wakakuta vichwa na mifupa vichakani. Mwaka 2020 Serikali iliyafunga machinjio hayo; mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaliondoa katazo hilo; na mwaka 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Kwa wezi, ua wenye punda thelathini pamoja ni kama duka lisilo na mlango. Mlinzi wa usiku, basi, si anasa.

Baki swali la mwenye mkokoteni aletaye punda wake mzee mlangoni. Akipokewa bila sharti lo lote, atarudi mjini, atanunua kijana, na baada ya miaka michache ataleta mwingine mwenye makovu yale yale. Makao yatakuwa jaa lake. Akifukuzwa, mnyama ataachwa barabarani usiku huo huo. Njia ya kufaa ni kumpokea mzee kwa sharti moja: punda mpya naye aletwe kila miezi miwili, akatwe kwato na atazamwe mabega, na mwenyewe aonyeshwe jinsi ya kuweka gunia laini chini ya kamba.