Tusiwasingizie watunzi wa programu umri na ndoa

Ipo imani iliyoota mizizi miongoni mwa waajiri, na hata baadhi yetu sisi walimu, kwamba kazi ya kutunga programu za kompyuta ni ya vijana makapera. Inadaiwa kuwa akili ya mtunzi huwa kali akiwa na miaka ishirini na ushei, kwamba akishapata mwenzi ukali huo hufifia, na kwamba akifika arubaini ni heri apewe kazi ya kuwasimamia wengine.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mkazi wa Kianda huko Kibera, jijini Nairobi, aliniarifu kwamba alipokwenda kuomba kazi hiyo aliulizwa kama ameolewa, kisha akaulizwa anatarajia kupata mtoto lini. Hakuulizwa amewahi kutunga programu gani. Kwa kuwa wengi wa wasomaji wa safu hii ama huwashauri vijana kuhusu kazi, ama ni vijana wenyewe, yafaa tuipime imani hii.

Wapo wasomi walioipa nguvu. Mwanahisabati Mwingereza, G.H. Hardy, aliandika mwaka 1940 kwamba hisabati ni shughuli ya vijana. Mnamo 2003, mtafiti Satoshi Kanazawa alichapisha uchunguzi wa maisha ya wanasayansi 280, akadai kwamba michango yao hupungua upesi wakishaoa. Wanasayansi hao karibu wote walikuwa wanaume. Sisi tunaosema Kiswahili tunajua kwamba mwanamume huoa ilhali mwanamke huolewa. Sarufi imemweka mmoja katika kauli ya kutenda na mwenzake katika kauli ya kutendwa. Hivyo basi, yaliyosemwa kuhusu waliooa hayawezi kubandikwa tu kwa walioolewa. Aidha, utafiti huo haukuwahusu watunzi wa programu.

Tuwatazame basi watunzi wenyewe. Linus Torvalds alianza kuunda Linux mwaka 1991, akiwa kapera wa miaka 21. Hapo imani yetu yaonekana kuwa kweli. Lakini mwaka 2005, akiwa na miaka 35, mke na mabinti watatu, alitunga Git, chombo ambacho watunzi wa programu duniani kote wanakitumia hadi leo. Naye Grace Hopper, mwanamke wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1906, alikuwa amevuka miaka hamsini wakati lugha aliyoibuni ilipokuwa msingi mkubwa wa COBOL, lugha ya programu iliyoanzishwa mwaka 1959. Utu uzima dawa, walisema wahenga.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Ken Thompson. Mwaka 1969, mkewe alisafiri kwa wiki tatu kumpeleka mtoto wao mchanga kwa babu na nyanya yake huko California. Katika wiki hizo tatu Thompson alikamilisha sehemu zilizokuwa zimebaki za Unix, mfumo ambao ni babu wa mingi tunayoitumia sasa. Alikuwa na miaka 26, tena mume na baba. Miaka 38 baadaye, akiwa na miaka 64, alishirikiana na wenzake wawili huko Google kuanza kubuni lugha ya Go. Ndoa haikumzuia, wala uzee. Alichokipata mwaka 1969 ni wiki tatu za utulivu, na utulivu huo aliwezeshwa na mkewe aliyekuwa amembeba mtoto.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kinachopunguza kazi ya mtunzi ni kukatizwa. Kutunga programu ni kushika mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja, na mtu akiitwa mara moja tu huanza upya. Wamarekani Tom DeMarco na Timothy Lister waliwashindanisha watunzi zaidi ya 600 kutoka kampuni 92, wakaeleza matokeo katika kitabu chao cha mwaka 1987. Robo iliyofanya vyema zaidi walikuwa na nafasi ya futi 78 za mraba kwa kila mtu kazini, pamoja na utulivu. Robo ya mwisho walikuwa na futi 46.

Sasa tulete kipimo hicho Kianda. Chumba cha kawaida huko ni cha futi 10 kwa 10, au 12 kwa 12. Katika futi hizo 100 au 144 za mraba mna kitanda, jiko, baba, mama na watoto, huku redio ya jirani ikisikika kupitia mabati. Kijana asiye na mke aweza kwenda kwa rafiki au kukesha penye kompyuta mahali pengine. Mama mwenye mtoto hawezi. Akichelewa kumaliza kazi, tunasema ndoa imemwua akili! Na vipaji vipo: mwaka 2009, vijana wa vijiji vya Kibera walijifunza kutumia vifaa vya kupimia mahali, wakachora ramani ya mtaa wao katika mradi wa Map Kibera.

Sikatai kwamba kijana asiye na jamaa wa kulisha ana saa nyingi zaidi. Ila saa ni kitu kinachoweza kugawanywa, nasi tumezigawa vibaya. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu, na baba wiki mbili. Kwa upande mwingine, kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya umri, ujauzito na hali ya ndoa. Mwajiri anayemnyima mtu kazi kwa sababu hizo anaivunja Katiba, na vijana wetu wafundishwe hivyo kabla hawajamaliza shule.

Nanyi walimu wenzangu, vyumba vya kompyuta vinavyofungwa saa kumi jioni viachwe wazi hadi usiku, penye ulinzi, kwa ajili ya wasio na pa kukaa kwa utulivu. Waajiri nao wachangie vituo vya kutunzia watoto mitaani. Na wavulana waambiwe mapema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Zaidi ya kuoa na kuolewa, Kiswahili kina neno kuoana, la kauli ya kutendana. Ndoa ya namna hiyo ndiyo itakayompa kila mmoja zamu yake ya wiki tatu.