Hija ya Namugongo: Kwa Nini Barabara ya Busia Hujaa Waendao kwa Miguu Kila Mei

Kila mwaka Mei inapokaribia kwisha, wakazi wa mji wa Busia huona makundi yakipita kuelekea mpakani. Wamevaa fulana za jumuiya zao, wengine wamebeba rozari na misalaba ya mbao, na karibu kila mmoja ana mfuko mgongoni na kidumu kidogo cha maji. Ukiwauliza waendako, jibu ni moja: Namugongo.

Namugongo iko kilomita 15 hivi kaskazini mashariki mwa Kampala. Huko ndiko huadhimishwa Siku ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni, ambayo ni sikukuu ya kitaifa katika nchi hiyo. Umati huhesabiwa kwa mamia ya maelfu, na miaka mingine hukadiriwa kupita milioni moja. Hutoka Uganda yenyewe, Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo na kwingineko.

Yaliyotokea

Mashahidi wanaokumbukwa ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Waliuawa kati ya 1885 na 1887, enzi ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Wengi wao walikuwa vijana waliohudumu katika kasri la Kabaka.

Kisa hiki kinaligusa pia eneo letu la magharibi mwa Kenya. Mwaka 1885, askofu Mwanglikana James Hannington alisafiri kutoka pwani akipitia Umaasai hadi kwa Sundu, mahali tunapopaita Mumias leo. Hapo aliacha sehemu kubwa ya msafara wake, akaendelea na watu wachache. Huko Buganda kulikuwa na hofu kuhusu wageni wanaoingia kutoka mashariki. Askofu huyo alikamatwa Busoga na kuuawa tarehe 29 Oktoba 1885.

Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa na cheo katika kasri, alimkemea Kabaka kwa mauaji hayo. Alikatwa kichwa tarehe 15 Novemba mwaka huo huo. Charles Lwanga akachukua jukumu la kuwaongoza na kuwalinda vijana wa kasri.

Mwishoni mwa Mei 1886, vijana hao walihukumiwa kule Munyonyo, kando ya Ziwa Victoria, kisha wakatembezwa wakiwa wamefungwa hadi Namugongo. Baadhi waliuawa njiani. Tarehe 3 Juni, waliobaki waliteketezwa kwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Kizito, mdogo kuliko wote, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi.

Kanisa Katoliki liliwatangaza wale 22 kuwa wenyeheri mwaka 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Mapapa watatu wamefika Uganda na kuwaheshimu: Paulo VI mwaka 1969, Yohane Paulo II mwaka 1993 na Fransisko mwaka 2015.

Desturi za hija

Desturi kubwa ni kutembea. Hujaji anayetembea siku zile zile za Mei anafuata mfano wa wale waliotembezwa kwenda kuuawa. Ndiyo maana mzee wa miaka 70 anaweza kukataa lifti ya gari.

Ya pili ni maji. Ibada ya Wakatoliki hufanyika nje, madhabahu yakiwa katikati ya ziwa dogo lililo karibu na basilika. Mahujaji huchota maji hapo na kuyabeba hadi nyumbani. Vidumu mnavyoviona mikononi mwao ni vya kazi hiyo. Basilika yenyewe imejengwa kwa umbo la nyumba ya msonge, ikiwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki.

Waanglikana wana madhabahu yao mwendo mfupi kutoka hapo, nao huadhimisha siku hiyo hiyo. Kwa upande wa Wakatoliki, majimbo ya Uganda hupokezana kuongoza ibada kila mwaka. Umati ulikosekana mwaka 2020 na 2021 kwa sababu ya Korona, ukarejea 2022.

Kabla hujaondoka

Kutoka Busia hadi Namugongo ni karibu kilomita 200, kupitia Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi na Mukono. Anayetembea kilomita 30 kwa siku atahitaji wiki nzima. Hiyo ni barabara kuu ya malori, na hatari kubwa kwa hujaji ni magari. Zingatieni yafuatayo:

• Tembeeni upande wa kulia ili muyaone magari yanayowajia, mkifuatana kwa mstari mmoja. Msitembee usiku. Viongozi wa mbele na wa nyuma wavae jaketi zinazong'aa.

• Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa au pasipoti. Katika kituo cha pamoja cha mpakani Busia, anayetoka Kenya hugongewa muhuri upande wa Uganda, katika jengo moja. Msipitie njia za panya: ukipata ajali au ukikamatwa bila stakabadhi, kukusaidia kunakuwa kugumu.

• Mtoto asisafiri bila mzazi au mlezi. Bebeni cheti chake cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi, na muwaulize mapema maafisa wa uhamiaji kinachohitajika.

• Ulizeni katika kituo cha afya kuhusu kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Anayetumia dawa za presha, kisukari au ARV abebe za kutosha kwenda na kurudi.

• Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, yakiwemo mnayoyaleta nyumbani.

• Badilisheni pesa katika maduka yaliyosajiliwa, si kwa watu wa barabarani.

• Kila kundi liandike orodha ya majina na nambari za simu za jamaa, nakala moja ibaki parokiani.

Kwa wakazi na madereva wa magari na bodaboda: punguzeni mwendo siku hizi. Na kundi likibisha hodi kuomba maji au pa kulaza ubavu, mnajua sasa wanakotoka na wanakokwenda.