Ndimu, Chupa na Tofali: Somo la Ardhi Lianzie Mikononi

Chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu inatosha kuanzisha somo la jiolojia katika shule yoyote ya Tanzania. Mwanafunzi anaijaza udongo wa nje ya darasa hadi theluthi moja, anaongeza maji mpaka karibu na shingo, anatia sabuni ya unga kidogo ili mabonge ya mfinyanzi yaachane, anafunga kifuniko na kuitikisa kwa nguvu. Kisha anaiweka mezani na hairuhusiwi kuguswa tena siku hiyo. Dakika moja haijaisha, mchanga umeshatua chini. Tope laini linafuata taratibu, na mfinyanzi unakesha ukielea, hata asubuhi yake maji bado hayajatakata. Majani makavu na vipande vya mizizi vimebaki juu.

Siku ya pili mwalimu anamimina udongo mwingine wa rangi tofauti, tuseme mwekundu, polepole ili usivuruge uliotangulia. Sasa chupa ina matabaka ya siku mbili. Mwanafunzi achukue rula, apime unene wa kila tabaka, achore daftarini, kisha aulizwe swali moja tu: lipi lilitangulia? Atajibu mwenyewe kwamba la chini ndilo la zamani kuliko la juu, na akishajibu hivyo ameshika kanuni inayotumika kusoma kuta za Bonde la Olduvai.

Olduvai ni mahali pa kujivunia, lakini wengi wetu tumepakariri kama jina la kwenye mtihani. Ukisimama ukingoni pale Ngorongoro unaona matabaka kwa macho: chini mwamba mweusi wa volkeno, juu yake udongo wa kijivu wa ziwa la kale, katikati mkanda mwekundu ambao hata mtoto wa darasa la tatu angeuonyesha kwa kidole. Tarehe 17 Julai 1959 mwanaakiolojia Mary Leakey aliona kipande cha fuvu kikichomoza katika tabaka la chini, na ndilo fuvu lililoitwa Zinjanthropus, ambalo limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Miaka 2 baadaye majivu ya volkeno ya tabaka hilohilo yalipimwa kwa njia ya potasiamu na agoni, ikapatikana miaka milioni 1.75. Upimaji huo unahitaji mitambo ya gharama kubwa. Lakini kujua kwamba fuvu lililolala chini ya majivu fulani lina umri mkubwa kuliko majivu hayo hakuhitaji mtambo wowote. Aliyecheza na chupa analijua hilo.

Ndiyo maana inaniuma kuona somo la miamba likifundishwa kwa chaki pekee. Mwanafunzi anaweza kukutajia miamba moto, miamba tabaka na miamba geu kwa mfuatano, na sifa za kila mmoja, akapata alama zote, bila kuwahi kuambiwa aokote jiwe moja na kuamua liingie kundi gani. Shule nyingi hazina maabara, hilo ni kweli, na darasa la wanafunzi 80 ni gumu kulisimamia. Lakini kemia isiyo na maabara ina tatizo ambalo jiolojia haina. Kemikali lazima inunuliwe. Mawe yamejaa uwanjani.

Twende kwenye ndimu. Kata ndimu, kamua matone machache juu ya jiwe la matumbawe, lile lililojengewa nyumba za kale za Mji Mkongwe Zanzibar na misikiti ya Kilwa Kisiwani. Kwanza kwaruza jiwe kwa msumari upate unga kidogo, maana asidi ya ndimu ni dhaifu na huushambulia unga upesi kuliko jiwe zima. Sikiliza kwa karibu, kwa sababu sauti hutangulia kabla jicho halijaona: unga unachemka, vipovu vidogo vinapanda. Hiyo ni hewa ya kaboni dayoksaidi ikitoka kwenye chokaa. Sasa fanya hivyohivyo kwenye jiwe la Mwanza, yale majabali ya itale yaliyojaa ukingoni mwa Ziwa Viktoria, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kimya. Hakuna kipovu hata kimoja.

Tone moja la ndimu limetenganisha jiwe lililojengwa na viumbe wa baharini na jiwe lililopoa kutoka kwenye uji wa moto chini ya ardhi. Mwalimu wa Tanga anaweza kuendelea kutoka hapo: mvua nayo ina asidi kidogo, mwamba wa chokaa unayeyuka kidogokidogo kwa muda mrefu mno, na ndivyo yalivyopatikana Mapango ya Amboni. Mwalimu wa Dar es Salaam ana kilima cha Wazo, ambako chokaa ya matumbawe ya bahari ya kale inachimbwa na kuchomwa kuwa saruji. Mwanafunzi anayeishi Tegeta anapita pembeni ya bahari hiyo iliyokauka kila siku akienda shule.

Na ukitaka darasa zima lisimame, lete magadi. Kila mtoto ameyaona jikoni au sokoni, yale yanayolainisha maharage. Yatie ndimu, yatafoka kuliko chokaa. Hapo mwalimu anaweza kuwasimulia Ol Doinyo Lengai, mlima ulioko kusini mwa Ziwa Natron. Ndiyo volkeno pekee hai duniani inayotoa lava ya aina yake, lava iliyojaa kaboneti za sodiamu, jamaa wa karibu kabisa wa magadi. Volkeno nyingine kwa kawaida hutoa lava yenye joto la nyuzi 700 hadi 1,200. Ya Lengai ina nyuzi 500 hadi 600 tu, hutiririka nyeusi, na ikipata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Katika lava hiyo mna madini yaitwayo nyerereite, yaliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Ni madini yasiyovumilia hewa, huharibika yakikutana na unyevu. Sijui ni shule ngapi zinazowaambia watoto kwamba yapo madini yenye jina la Baba wa Taifa, na kwamba ndugu yake wanaweza kumpima kwa ndimu ya sokoni.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la tofali. Weka tofali juu ya sakafu ya saruji isiyo laini, au juu ya msasa. Lifunge kamba, kwenye kamba unganisha ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, halafu mwanafunzi mmoja auvute mpira polepole, kwa mwendo uleule, bila kushtua. Mpira unarefuka, tofali halisogei. Unarefuka zaidi, bado. Ghafla tofali linaruka mbele na kusimama tena. Mwanafunzi mwingine anapima kwa rula mpira ulirefuka kiasi gani kabla ya kila mruko, na tofali lilisogea kiasi gani. Warudie mara kumi. Namba hazifanani. Wakati mwingine tofali linaruka kidogo na mapema, wakati mwingine linachelewa na kuruka sana.

Hivyo ndivyo mwamba unavyotenda kwenye ufa wa ardhi. Nguvu inajikusanya taratibu kwa miaka, msuguano unazuia, kisha msuguano unashindwa. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukoba, likaua watu, likabomoa nyumba na kuharibu majengo ya shule, zikiwamo sekondari za Ihungo na Nyakato. Baada ya siku kama ile watu huuliza kwa nini wataalamu hawakutoa taarifa mapema. Mwanafunzi aliyevuta tofali mara kumi na kuandika namba zake anaelewa kwa nini hakuna awezaye kutaja siku na saa, ingawa inajulikana kwamba mpira unavutwa. Anaelewa pia kwa nini jambo la kushughulikia ni ukuta, paa na lenta.

Siri ya mazoezi haya iko katika utabiri. Kabla ya kumwaga, kudondosha au kuvuta, mwalimu awaulize wanafunzi wanadhani kitatokea nini, na kila mmoja aandike jibu lake. Aliyeandika ana hisa katika matokeo. Akikosea atataka kujua kwa nini. Akipatia atataka kuwaeleza wenzake. Bila utabiri zoezi hugeuka maonyesho, watoto wanashangilia kipovu na kurudi kwenye madawati kama walivyokuja.

Njia hii ya kufundisha kwa mazoezi ya vitu vya kawaida ilipata msukumo mkubwa kutokana na hatua ambayo nchi yetu ilishiriki. Desemba 2005 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliutangaza mwaka 2008 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayari ya Dunia, na hoja hiyo iliwasilishwa na Tanzania. Kwa ajili ya mwaka huo, walimu watatu wa Uingereza, Chris King wa Chuo Kikuu cha Keele, Elizabeth Devon na Peter Kennett, walianzisha Earthlearningidea, mfululizo wa mazoezi mafupi ya sayansi ya ardhi yanayotumia vitu vya bei ndogo au vya bure, wakiwalenga hasa walimu wa shule zisizo na vifaa. Mazoezi yale yameenea katika lugha nyingi. Tulisimama New York kuitetea sayari. Kilichobaki ni kuingia darasa la Kidato cha Kwanza na kuifanya kazi hiyo.

Pale Laetoli, kusini mwa Olduvai, majivu ya volkeno yalidondoka, mvua ikanyesha, yakawa kama saruji mbichi, na viumbe waliotembea kwa miguu miwili wakapita juu yake miaka milioni 3.66 iliyopita. Nyayo hizo zilifukuliwa kuanzia mwaka 1978. Mwaka 2016 timu ya Watanzania na Waitaliano iliyoongozwa na Profesa Fidelis Masao ilitangaza nyayo nyingine mpya za hapohapo, ikiwamo seti ya mmoja aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake, unyayo wake ukiwa na urefu wa sentimita 26 hivi. Sasa peleka darasa kwenye mchanga uliolowa, wavue viatu, watembee, wapime nyayo zao na vimo vyao. Wataona kwamba unyayo wa binadamu wa leo ni takriban asilimia 15 ya kimo chake. Wakitumia kipimo hicho kwa mtu wa Laetoli watapata kama sentimita 173. Watafiti walikadiria 165. Kwa nini tofauti? Kwa sababu walitumia uwiano wa viumbe wa zama zile, ambao nyayo zao zilikuwa ndefu zaidi kwa kimo chao. Mjadala utakaofuata una thamani kuliko tarehe zote walizokariri, maana hapo ndipo watoto wanapoona kwamba namba ya kisayansi ina njia iliyopitiwa, na njia hiyo inaweza kuhojiwa.

Kuna somo jingine ambalo mtoto wa nchi hii analihitaji ili aishi. Kata chupa mbili kwa urefu, zijaze udongo, moja uiache na udongo mtupu na nyingine uiwekee juu kipande cha majani chenye mizizi yake. Ziinamishe sawasawa, mimina maji kiasi kilekile, kinga yanayotoka. Yenye majani inatoa maji karibu safi, isiyo na majani inatoa tope. Kondoa walijua hili kwa machungu. Ndiyo maana mradi wa kuhifadhi ardhi wa HADO ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoliwa na makorongo. Ongeza maji zaidi, na udongo uliolowa utaporomoka wote kwa mpigo. Wakazi wa Katesh waliliona hilo tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilipoteremsha tope na mawe kutoka Mlima Hanang na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mtoto anayekaa chini ya mlima ana haki ya kujua mteremko uliojaa maji unavyotenda, na ajue mapema, shuleni.

Yote haya yanamtegemea mwalimu, na mwalimu naye lazima awe ameshayafanya. Hili ndilo nisilochoka kulisema. Mwalimu ambaye chuoni alisoma miamba kwa noti ataifundisha kwa noti, kwa sababu anaogopa swali ambalo kitabu hakina jibu lake. Semina ya kukaa ukumbini ukitazama slaidi haimtoi woga huo. Kinachomtoa ni asubuhi moja akiwa na walimu wenzake wa kata, kila kikundi na tofali lake, wakibishana kwa nini mpira wa kundi hili ulirefuka kuliko wa lile. Akishabishana yeye mwenyewe, ataruhusu darasa lake libishane, na mwanafunzi akimuuliza asichokijua atasema tujaribu tuone.

Vyuo vya ualimu vianzie hapo, lakini mkuu wa shule hana haja ya kuvisubiri. Shule zetu zinachimba visima, mashimo ya vyoo na misingi ya madarasa kila mwaka, na kila shimo linafunua ukuta wa matabaka siku chache kabla halijafunikwa. Darasa lisimame umbali wa salama, lichore linachokiona. Baadaye fundi wa kisima aitwe, apewe kiti mbele na chaki mkononi. Huyo anajua kwa miguu na mikono yake ni kina gani anapokutana na kichanga, wapi mfinyanzi unaanza kung'ang'ania sururu, wapi maji yanatoka, na mwamba mgumu uko kina gani upande wa mabondeni ukilinganisha na upande wa mlimani. Achore shimo lake la mwisho ubaoni, na wanafunzi walilinganishe na la kwao.