Mhakiki Asiye na Shahada: Muuza Vitabu na Fasihi ya Watoto

Wahakiki wetu wamezoea kuyaeleza mawasiliano ya fasihi kana kwamba ni safari ya vituo vitatu: mwandishi, kazi na msomaji. Akiongezwa mtu wa nne, basi huyo huwa ni mhakiki mwenyewe, maana hakuna anayejisahau. Lakini katika fasihi ya watoto yuko mtu mwingine ambaye hatumtaji katika mihadhara wala katika mitihani, naye ni muuza vitabu. Hoja yangu ni kwamba huyu naye ni mhakiki. Uhakiki wake hauandikwi popote, lakini mara nyingi ndio unaoamua ni kitabu kipi kitafika mkononi mwa mtoto na kipi kitaliwa na mende. Katika makala haya nitajaribu kueleza anavyoifanya kazi hiyo, na kwa nini nafasi yake imekuwa finyu hapa Tanzania.

Niseme mapema kwamba huu si utafiti. Likizo iliyopita nilikaa majuma matano katika duka dogo la vitabu hapa Dar es Salaam, duka la mama mmoja jirani yetu. Nilifuta vumbi, nilibeba maboksi, na zaidi ya yote nilisikiliza. Jina lake ameniomba nisiliandike, hivyo nitamwita Mama, kama sote tunavyomwita pale dukani.

Mzazi akiingia, kauli yake ya kwanza karibu kila mara ni hii: "Nataka kitabu cha darasa la tatu." Mimi ningenyoosha mkono kwenye rafu ya darasa la tatu. Mama hafanyi hivyo. Anauliza, "Mtoto mwenyewe yuko wapi?" Kama yupo, anamgeukia: "Wewe, unacheka na nini?" Kama hayupo, anamuuliza mzazi swali hilohilo, na hapo ndipo nilipoona baba wazima wakikosa jibu. Darasa ni kipimo cha shule, yaani linatuambia mtoto amekaa miaka mingapi kwenye dawati. Halituambii kama anapenda vichekesho, kama anaogopa giza, kama kwao kuna mtu wa kumsomea usiku. Mama anakusanya habari hizi kwa maswali mawili matatu, kisha ndipo anaposema, "Basi mpe hiki."

Nilichukua muda kuelewa kwamba sentensi ile fupi ni hukumu ya kihakiki. Ndani yake mna usomaji wa kitabu, usomaji wa mtoto, na makadirio ya namna wawili hao watakavyokutana. Sisi huku Idarani tunakihukumu kitabu kikiwa peke yake.

Chukua vitabu vya picha. Perry Nodelman, katika kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya aina hii ya vitabu, alieleza kwamba maneno na picha havisemi jambo moja, na kwamba utamu wa hadithi unatokana na ule mwachano baina yao. Mama hajamsoma Nodelman, lakini ana kipimo chake. Boksi la vitabu vipya likifika, anafungua ukurasa mmoja, anayafunika maneno kwa kiganja na kuitazama picha. Kisha anaifunika picha na kuyasoma maneno. Kama sentensi inasema mbuzi alikimbia, na picha inaonyesha mbuzi anayekimbia, basi, anafunga kitabu: "Hiki kinatulipisha mara mbili." Lakini kama sentensi inasema mbuzi alikimbia, na pembeni mwa picha mtoto anamwona fisi ambaye mbuzi hajamwona, kitabu hicho anakiweka mbele, mahali pa macho ya mtoto. Wala si mbele ya macho ya mzazi; rafu yake ya vitabu vya picha iko chini kabisa, usawa wa magoti yangu.

Lazima tukiri kwamba vitabu vingi vya picha vya Kiswahili vinashindwa mtihani huu. Mchoraji hupewa maandishi yakiwa yamekwisha, anaambiwa achore kilichosemwa, naye anachora kilichosemwa. Ni kosa la fani, na sijaona likijadiliwa katika semina zetu. Pengine tunadhani picha ni pambo.

Kwa watoto wakubwa kidogo, wa miaka tisa hadi kumi na miwili hivi, mapendekezo yanabadilika. Hapa Mama hasemi habari za picha, anasimulia. Anatoa nusu dakika ya hadithi na kukata palipo patamu. Nilimsikia akiuza *Marimba ya Majaliwa* ya marehemu Edwin Semzaba, iliyotoka mwaka 2008, kwa maneno haya tu: "Mtoto kaibiwa marimba yake. Kapanda ungo kuitafuta, nchi nzima. Sasa..." Akanyamaza, akaanza kupanga chenji. Msichana aliyekuwa amesimama pale akashika kitabu. Mbinu hii tunaijua vizuri sana, tumeisoma katika fasihi simulizi: taharuki. Ila sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kutumika kama uhakiki.

Tatizo lilikuwa ule ungo. Baba wa yule msichana alilitazama jalada, akasoma nyuma, akasema, "Mama, huu si uchawi huu?" Na hapa tunafika kwenye jambo linalofanya fasihi ya watoto iwe ngumu kuliko zote. Zohar Shavit alilieleza mwaka 1986: mwandishi wa watoto anaandika kwa mtoto, lakini hawezi kumfikia mpaka apite mikononi mwa mtu mzima. Kitabu kina wasomaji wawili, na mmoja wao ndiye mwenye pesa. Muuza vitabu husimama katikati ya hao wawili, kaunta ikiwa mbele yake. Mama alimjibu yule baba kwa upole: "Baba, ungo huo ni ndege ya mwandishi. Umempitisha mtoto kwenye makabila na mikoa ambayo mwalimu wa jiografia hajampitisha. Msome pamoja, ukiona uchawi nirudishie." Ni utetezi wa haki kabisa, kwa kuwa ungo katika riwaya ile unafanya kazi ya kuifungua nchi mbele ya mtoto. Baba alinunua. Hakurudisha, ingawa siwezi kudai kwamba walisoma pamoja.

Siyo kila mara Mama anashinda. Kikwazo kikubwa zaidi ya uchawi ni lugha. "Hiki cha Kiswahili cha nini? Kiswahili si anakijua tayari?" Kauli hii niliisikia mara nyingi mno, hasa kwa wazazi wenye watoto katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Mzazi anapita riwaya za kihistoria za M. M. Mulokozi kama *Ngome ya Mianzi*, anapita *Ndoto ya Amerika* ya marehemu Ken Walibora, anainama kuchukua kitabu cha mtumba cha Kiingereza chenye theluji na mtoto wa dubu. Sina ugomvi na dubu. Ila katika majuma yale matano sikumwona mzazi hata mmoja akiuliza kama hadithi ya dubu ni nzuri. Lugha ilitosha kuwa sifa.

Sasa, kwa nini watu kama Mama ni wachache? Jibu moja liko katika historia ya namna vitabu vilivyosambazwa. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru vitabu vilikuwa shughuli ya mashirika ya umma, na kitabu kilikwenda shule kwa orodha. Mwaka 1991 ukaanza Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliosaidiwa na shirika la CODE la Kanada. Utaratibu wake ulikuwa wa busara: mchapishaji akichapa nakala 5,000 za kitabu kilichokubaliwa, Mradi ulinunua 3,000 na kuzipeleka shuleni na maktabani, naye akabaki na 2,000 za kuuza mwenyewe. Bila Mradi ule tusingekuwa na nusu ya vitabu vya watoto tunavyovitaja kwa fahari. Nasema hivyo kwa kukadiria tu, lakini sidhani kama nakosea sana. Hata hivyo tuutazame na upande wa pili. Nakala tatu katika kila tano zilikuwa zimeshapata mwenyewe kabla mtu yeyote hajafungua kinywa kuzisifu. Hakukuwa na haja ya kumshawishi mtoto. Maoni yangu ni kwamba ufundi wa kupendekeza kitabu ulikosa mahali pa kukua, kwa sababu kitabu kilifika bila kupendekezwa.

Juu ya hilo ukaja mhuri. Kamati ya kuidhinisha vitabu vya shule, EMAC, ilianzishwa mwaka 1999 na kuvunjwa mwaka 2013 baada ya malalamiko mengi kuhusu ubora wa vitabu ilivyovipitisha. Kazi ya ithibati ikahamia Taasisi ya Elimu. Ithibati ina maana yake, hakuna anayetaka kitabu cha hesabu chenye majibu ya uongo. Lakini mhuri umezoeza watu kukitazama kitabu nyuma kabla ya kukitazama ndani. Wapo wauzaji ambao ukiwauliza "hiki kikoje?" wanakujibu, "Kina ithibati." Umemaliza. Huko Kenya mambo yalikwenda mbali zaidi: kuanzia mwaka 2018 serikali ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shule, na wenye maduka wakabaki wanatazama malori yakipita. Duka linalokosa faida ya kitabu cha kiada halina uwezo wa kulaza hadithi za watoto kwenye rafu mwaka mzima likisubiri mtoto anayefaa.

Nikiri na aibu yangu. Siku moja Mama alikwenda msibani akaniachia duka. Akaingia baba na kijana wa miaka kama kumi na moja. Nikaona nafasi yangu imefika. Nikawaeleza dhamira, nikawaeleza usawiri wa wahusika, nikataja mgogoro baina ya ukale na usasa. Kijana alinitazama kama anayengoja basi. Baba akasema asante mwanangu, akanunua kitabu cha maswali na majibu ya mtihani wa darasa la saba, wakaondoka. Nilikuwa nimesema kweli tupu kuhusu riwaya ile, na hakuna neno hata moja lililomhusu yule kijana.

Nimlinganishe na mwingine, aliyekuja Mama akiwapo. Huyu alikuwa darasa la sita, mrefu, amevaa sare. Alipoombwa asome mistari miwili kwa sauti alisoma kwa kukwama, silabi moja moja, na masikio yakamwiva. Watu wawili walikuwa dukani wakisikia. Kwa kipimo cha ithibati kijana huyu alistahili kitabu cha darasa la sita, ambacho kingemshinda. Kwa kipimo changu mimi ningempa kitabu cha picha, kwa nia njema, na ningemwaibisha mbele ya watu. Mama alichukua kitabu cha picha, kimoja kati ya vile vya fisi pembeni, akamuuliza, "Una mdogo wako nyumbani?" Akaitika. "Basi nenda ukamsomee hiki. Usome polepole, watoto wadogo wanapenda kurudiarudia." Baada ya siku tisa kijana alirudi peke yake kutaka kingine. Alisema mdogo wake amekipenda. Mama hakumuuliza mdogo ana umri gani. Alimpa kingine, kirefu kidogo.

Nataka wenzangu walifikirie tukio hili pasipo kulipamba. Mama alijua maneno ni mangapi katika kila ukurasa, alijua kitabu kile kinavumilia kusomwa mara ya kumi, na alijua kwamba hadithi yake haina sauti ya kumdharau msomaji mkubwa anayeishika. Hayo yote ni mambo ya fani. Kisha akayatumia kumfunika kijana asiaibike. Kama huo si uhakiki, sijui tunachofundishwa ni nini.

Simfanyi malaika. Mama anapendekeza zaidi vitabu vilivyolala sana dukani, hilo niliona kwa macho yangu. Wasichana anawapa hadithi za wasichana, wavulana za wanyama na vita, na tulibishana juu ya hilo mpaka akaniambia nikafungue duka langu. Mashairi ya watoto hayapendekezi kabisa, eti hayauziki, na kwa kuwa hayapendekezi hayauziki kweli. Muuza vitabu anaishi kwa mauzo, na hukumu yake inainama upande huo kama vile yetu inavyoinama upande wa nadharia iliyo kwenye mtihani. Tuzo nazo zingeweza kumsaidia: ile ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ilianza na riwaya na ushairi, kisha ikaongeza hadithi za watoto. Lakini tuzo hutaja mshindi. Haimwambii Mama ampe mtoto gani.

Siku yangu ya mwisho aliniomba kitu. "Ninyi mnaosoma mambo haya, niandikieni nusu ukurasa kwa kila kitabu kipya, nibandike ukutani. Kiwe cha kusomwa na mzazi amesimama." Nilimwandikia vinne usiku uleule. Vitatu alivirudisha. Cha nne kiko ukutani mpaka leo, neno dhamira likiwa limekatwa kwa kalamu nyekundu.