Ustadi Hauifuti Kamari

Kuna hoja moja iliyovuka bahari ikatua katika vyumba vyetu vya mihadhara na hata mabwenini: kwamba mchezo unaohitaji akili hauwezi kuitwa kamari. Watetezi wake wakuu ni wachezaji wa poka, mchezo wa karata ulioshamiri nchini Marekani. Hapa kwetu hoja hiyo imerithiwa na vijana wanaobashiri matokeo ya kandanda kwa simu za mkononi. Si mara moja wala mbili mwanafunzi ameniambia, "Mwalimu, mimi sichezi kamari, mimi huchambua." Kwa kuwa kazi yangu ni maneno, naona ni wajibu wangu kulipima neno hilo.

Tuanze kwa kuwapa wachezaji wa poka haki yao. Karata ni 52. Katika aina inayopendwa zaidi, Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa mbili za siri, kisha tano huwekwa wazi mezani kwa matumizi ya wote. Mchezaji hodari hukokotoa uwezekano, huzisoma tabia za wenzake, na hujua wakati wa kuongeza dau na wakati wa kuzitupa karata zake. Pengine humtisha mwenziwe akajitoa, ilhali yeye mwenyewe hana kitu mkononi. Mnamo 2017, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika raundi 120,000. Ushindi wa namna hiyo hauwezi kuelezwa kwa bahati tupu. Ustadi upo.

Hata hivyo, bahati nayo ipo. Mwenye ree mbili akikabiliana na mwenye karata mbili za mfalme, na wote wakaweka fedha zao zote kabla ya karata za mezani kufunuliwa, wa kwanza hushinda takriban mara nne katika tano. Mara ya tano hupoteza, wala hakuna kosa alilotenda. Ustadi hudhihirika baada ya maelfu ya raundi. Mfuko waweza kukauka jioni ya kwanza.

Suala hili liliwahi kufikishwa mahakamani. Mnamo 2012, Jaji Jack Weinstein wa mahakama ya shirikisho huko Brooklyn, New York, aliamua kesi ya mtu aliyeendesha meza za poka na kujikatia asilimia 5 ya fedha zilizoshindaniwa. Baada ya kuupima ushahidi wa mtaalamu wa uchumi, jaji alikubali kwamba katika poka ustadi huzidi bahati, akaibatilisha hatia. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani iliutangua uamuzi huo. Haikusema kwamba poka haina ustadi. Ilisema kwamba sheria iliyohusika haikuwa imeuliza swali hilo. Ilitosha kwamba biashara ile ilikuwa ya kamari kwa mujibu wa sheria za jimbo la New York. Uingereza nayo ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya kamari ya 2005 huhesabu kuwa mchezo wa bahati hata ule ambao bahati iliyomo yaweza kuondolewa kwa ustadi wa hali ya juu kabisa.

Naam, turejee kwenye neno. Kamari ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kitovu cha maana yake ni kushindania mali iliyowekwa dau, apatacho mmoja kikiwa ndicho apotezacho mwingine. Wanazuoni wa Kiislamu walijadiliana kwa karne nyingi kuhusu sataranji, mchezo wa akili usio na kete za kurushwa wala karata za kuchanganywa. Walitofautiana juu ya kuucheza bure, lakini walikubaliana kwamba washindani wote wawili wakiweka dau, hiyo ni kamari. Kwa hivyo, anayesema "si kamari kwa sababu ni ustadi" hajajibu swali. Ustadi hueleza jinsi mtu achezavyo, ilhali kamari hueleza kilichowekwa mezani.

Ndiyo maana nalitilia shaka neno "kubashiri" jinsi linavyotumiwa katika matangazo. Lina nasaba moja na bishara, yaani habari njema. Humsifu mtabiri kwa ujuzi wake, na papo hapo hulificha dau. Hebu tulifunue. Pande mbili zikilingana nguvu, na sare ikiwa haiwezekani, malipo ya haki kwa kila shilingi 100 ni 200. Tuseme kampuni hulipa 190. Mchambuzi basi hana budi kuijua kandanda kuliko yule aliyepanga bei, tena kwa kiasi kinachozidi tofauti hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha mwenye meza.

Kisha tazama lile jamvi la mechi kumi. Tuseme mchambuzi wetu ni hodari kweli, na katika kila mechi ana uwezekano wa asilimia 70 wa kupatia. Uwezekano wa kupatia zote kumi haufiki asilimia 3. Walimu wenzangu wa hisabati, hapo pana somo zima la uwezekano, na wanafunzi watalisikiliza bila kushurutishwa.

Sipendekezi tuwakaripie vijana kwa kuwaita wajinga. Wengi wao si wajinga hata kidogo, na ndiyo sababu hoja ya ustadi huwanasa kwa urahisi. Tumwachie kijana ustadi wake, kisha tumwulize maswali mawili tu: fedha iliyo mezani ni ya nani, na ikipotea, ni kitu gani kitakachokosa kulipiwa? Ikiwa jibu la kwanza ni "ya mzazi" na la pili ni "karo", basi hata awe mchambuzi bora kuliko wote, jina la anachokifanya analijua.