Watoto wa Wenyeji wa Australia: Nani Ahesabu, na kwa Faida ya Nani?

Kuhesabu watu ni kazi ya kila serikali, na faida yake hutegemea nia ya mwenye kuhesabu. Wenyeji wa asili wa Australia walijua jambo hili kwa uchungu. Kwanza walikataliwa kuhesabiwa. Kisha watoto wao wakaandikwa katika mafaili ili wachukuliwe. Na tangu mwaka 2008 watoto wao wengine wamefuatwa na watafiti mwaka baada ya mwaka, safari hii kwa ridhaa ya wazazi wao. Juu ya hali hii ya tatu twapenda kusema na wasomaji wetu leo.

Katiba ya Australia, iliyoanza kutumika mwaka 1901, ilisema katika kifungu chake cha 127 kwamba wenyeji wasitiwe katika jumla ya watu wa nchi. Kifungu hicho kilifutwa kwa kura ya taifa zima mwaka 1967, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walikubali kifutwe. Lakini katika miaka hiyo ambayo mwenyeji hakuwa mtu katika hesabu ya taifa, mtoto wake alikuwa na faili katika ofisi ya serikali. Maofisa walioitwa walinzi wa wenyeji waliandika nani mweusi na nani chotara. Na kwa nguvu ya maandishi hayo watoto walinyang'anywa mama zao, wakapelekwa katika makao ya misheni na ya serikali, au katika nyumba za Wazungu, ili wasahau lugha na ukoo wao. Tume iliyochunguza mambo hayo ilitoa taarifa yake mwaka 1997. Ilikadiria kwamba kati ya mwaka 1910 na 1970 waliochukuliwa hawakupungua mtoto mmoja katika kila kumi, na huenda walifikia mmoja katika kila watatu.

Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd alisimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya taifa. Mwaka huo huo ulianza utafiti mkubwa, uliolipiwa na serikali, juu ya makuzi na ustawi wa watoto wa Waaborijini na wa watu wa Visiwa vya Mlango wa Torres. Jina lake, kwa Kiswahili, ni Nyayo katika Wakati. Watoto zaidi ya 1,600 waliandikishwa katika sehemu 11 za nchi, tangu vitongoji vya magharibi ya Sydney mpaka vijiji vya mbali vya Kimberley. Kundi moja lilikuwa la wachanga wa tangu miezi sita hadi miaka miwili. La pili lilikuwa la watoto wa miaka mitatu na nusu hadi mitano. Kwa zaidi ya miaka kumi wadadisi walirudi kila mwaka kwa watoto wale wale.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mama ambaye mzazi wake mwenyewe alichukuliwa akiwa mtoto, atamfungulia mlango nani? Anakuja mtu mwenye karatasi za serikali, anauliza mtoto analala wapi, anakula nini, na watu wangapi wanaishi nyumbani. Bibi yake aliulizwa maswali kama hayo, na mwisho wake ulikuwa ni kupoteza mtoto. Mwanamke huyo akikataa kujibu, hatuwezi kumwita mjinga; amefundishwa na historia.

Walioutengeneza utafiti huu walilijua hilo. Kamati ya kuuongoza iliwekwa chini ya uenyekiti wa Profesa Mick Dodson, mwenyeji wa kabila la Yawuru, ambaye alikuwa mmoja wa viongozi wawili wa uchunguzi ule wa mwaka 1997. Jamii zilishauriwa kwa miaka kadhaa kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Wadadisi walio wengi walikuwa wenyeji wenyewe, watu wanaojua namna ya kuketi na wazee na wakati wa kunyamaza panapo msiba. Na maswali hayakutafuta upungufu peke yake. Mzazi aliulizwa pia juu ya lugha ya nyumbani, mila na jamaa. Yaani yale yanayomtia mtoto nguvu.

Yafaa kueleza kwa nini kazi hii ilihitaji miaka mingi. Anayempima mtoto mara moja huona urefu wake wa siku hiyo. Hajui kama anakua au amedumaa. Tuchukue mfano wa ugonjwa wa sikio la kati, ambao kwa watoto wa wenyeji wa Australia ni mwingi kupita karibu mahali pote duniani. Mtoto anayetokwa usaha masikioni akiwa mchanga hasikii maneno vizuri. Akifika shule huitwa mzito au mkaidi, na aliyemwona darasani tu hawezi kujua chanzo. Ni yule aliyemfuata tangu alipokuwa akibebwa anayeweza kuunga sikio na kitabu.

Uchambuzi mmoja wa habari zilizokusanywa, uliochapishwa mwaka 2017, ulitazama watoto wa miaka 5 hadi 10. Ulionyesha kuwa waliopatwa na ubaguzi wa rangi, wao au walezi wao, walikuwa na matatizo zaidi ya nafsi na ya usingizi. Mambo ambayo wazazi walikuwa wakiyasema siku zote, na kuambiwa kuwa ni manung'uniko, sasa yana takwimu nyuma yake.

Lakini takwimu hazitibu sikio. Mwaka 2008 serikali za Australia ziliahidi kupunguza tofauti ya maisha baina ya wenyeji na watu wengine. Taarifa ya mwaka 2020 ilikiri kwamba malengo mawili tu kati ya saba yalikuwa yakielekea kutimia. Mapatano mapya ya mwaka huo, yaliyofanywa pamoja na vyama vya wenyeji, yaliweka lengo la kupunguza kwa asilimia 45, ifikapo mwaka 2031, wingi uliozidi wa watoto wa wenyeji wanaotolewa nyumbani na kuwekwa chini ya malezi ya wengine. Maana yake ni kwamba jeraha la zamani halijapona. Na tarehe 14 Oktoba 2023, wananchi wa Australia walipoulizwa kama wenyeji wapewe chombo cha kulishauri Bunge, asilimia 60 walisema hapana.

Mfanyakazi anaelewa haraka maana ya mambo haya. Anajua kwamba hesabu ya zamu ikifanywa na msimamizi peke yake huweza kuwa ya kukata mshahara. Ikifanywa na wafanyakazi pia, huwa silaha ya kudai haki. Wenyeji wa Australia wamekwisha kuishika kalamu. Haitoshi. Hawana budi wawe pia na sauti mahali panapoamuliwa fedha, zahanati na shule. Ama sivyo watoto wao watajulikana vizuri sana, na wataendelea kuumwa.