Mtundakula: Tule Tunda, Mbegu Tuiteme

Mwezi huu tunauzungumzia mtundakula, kichaka cha miiba kinachoota katika nchi kavu, kuanzia Dodoma na Singida hadi kaskazini mwa Kenya, kwenye mipaka ya Ethiopia na Somalia. Wataalamu huuita Ximenia americana. Wengine huliita tunda lake plamu la mwituni, ingawa si la ukoo wa plamu.

Tunda likiiva huwa la manjano au rangi ya chungwa, lenye urefu wa sentimita 3 hivi. Nyama yake ni chachu na ina vitamini C, ambayo huimarisha fizi, husaidia vidonda kupona na huuwezesha mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Ni vizuri basi kulila bichi, pamoja na chakula hicho, kwani likichemshwa sana vitamini hiyo hupungua.

Hatari iko kwingine. Ndani ya tunda mna mbegu moja kubwa yenye mafuta mengi, ambayo tangu zamani hutumika kulainisha ngozi. Watoto wenye njaa huweza kuidhania karanga. Kumbe mbegu hiyo huharisha vikali, na mtoto mdogo akipoteza maji mengi anaweza kufa upesi.

Majani nayo yana sumu ya sianidi, ile inayopatikana katika mihogo michungu. Sumu hiyo huzuia mwili kutumia hewa tunayovuta. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika na kupumua kwa shida. Mwenye dalili hizo awahishwe hospitali.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Chumeni matunda yaliyoiva tu, na myaoshe.

2. Wafundisheni watoto wanaochunga kutema mbegu bila kuivunja.

3. Majani yake msiyafanye mboga.

4. Mtoto akiharisha, msimpe maji ya magome au mizizi yake. Mpeni maji ya ORS, aendelee kunyonya na kula, na mpelekeni zahanati apewe pia zinki.

Mwisho, mnaposafisha shamba msiukate. Mizizi yake hunyonya chakula kutoka mizizi ya mimea jirani, hivyo uacheni pamoja na vichaka vinavyouzunguka.